Daftari la Moshi

Jumatatu saa moja, mashine hazijaamka,
nashuka ngazi za chini, tochi mdomoni,
nasoma mita ya gesi.
Desmond Haigh, bwana wa boila, ananishikia mlango:
"Umekuja tena kuhesabu pumzi zetu?"
Naam. Nimekuja.

Huddersfield ina mawe meusi.
Kuta za kiwanda hiki zilikunywa masizi ya makaa
miaka mia na ushei, na hazijayatema.
Moshi wa zamani ulikuwa na uungwana wake:
ulikopita uliacha alama, ukigusa ukuta kidole chashuhudia.
Wetu hauna rangi, hauna harufu,
wapanda kimya kama deni
ambalo mdai hajaja kubisha hodi.

Tulikuwa tisa, tukifuma mablanketi ghorofa moja.
Sasa tu sitini na wanne, oda zinatoka Toronto,
na hoteli moja ya huko imeuliza kwa barua:
blanketi lenu moja lina kilo ngapi za kaboni?
Bi Hester Ackroyd, mwenye mali, akanitazama mimi,
mtunza hesabu, mzaliwa wa Pangani,
kana kwamba kaboni ipo stoo,
nifungue kufuli nikaihesabu.

Nikaanza na nilivyoviona:
gesi, umeme, dizeli ya lori letu bovu.
Kisha nisivyoviona:
Sukhjit wa rangi, atokaye Batley kila siku
peke yake ndani ya gari la watu watano;
vifungo vilivyopandishwa ndege
kwa kuwa mtu fulani (nilikuwa mimi) alisahau kuagiza mapema.
Wauza nyuzi niliwasumbua kwa simu hadi wakaizoea sauti yangu.
Mmoja akachoka: "Weka makadirio, dada."
Nikaweka. Kwa penseli.

Na pembezoni mwa ukurasa, kwa mazoea niliyoachiwa na baba:

*Mali bila ya daftari, hupotea kama moshi,*
*Moshi nao ni hatari, hauhesabiki keshi,*
*Uuandike kwa ari, usihesabu uzushi,*
*Pima kwanza, ndipo kiri: mizani si ya ubishi.*

Sote tulililaumu lori. Lori lina kelele.
Tarakimu zilipotulia, lori likawa dogo kama chawa.
Theluthi mbili ya mzigo ilikuwa ndani ya sufu yenyewe:
kondoo wa ng'ambo, malishoni, wanacheua,
na kila wanapocheua, hewa inaandika jina letu.
Kikulacho ki nguoni mwako, nikamwambia Bi Ackroyd.
Nikamfasiria. Akashika ncha ya blanketi, hakucheka.

Tukapunguza tulivyoweza.
Haigh aliyavika mabomba ya mvuke mabaki ya sufu,
akinung'unika kwamba yeye si fundi cherehani.
Sukhjit aliteremsha joto la birika nyuzi kumi:
bluu ikashika vilevile; nyekundu ikakataa katakata,
tukaiachia moto wake.
Vifungo huja kwa meli. Vikichelewa tunanuna, tunangoja.
Na mablanketi makuukuu twayanunua,
twayachambua, twayasokota upya,
kazi ambayo mabibi wa Batley waliijua
kabla neno kaboni halijafika mjini.

Mwaka ulipokwisha, kila blanketi lilikuwa limepungua robo.
Bi Ackroyd alitaka namba hiyo pekee iende Toronto.
Lakini tumefuma maradufu.
Mtoto akikonda huku anarefuka,
kiatu bado atahitaji kikubwa zaidi.
Nikaandika zote mbili kwa wino,
ya blanketi iliyoshuka, ya jumla iliyopanda,
moja chini ya mwenzake.

Alikaa nazo siku mbili.
Alhamisi akatia sahihi, akanirudishia karatasi:
"Mwakani tuanze na hiyo ya chini."

Jumatatu ngazi zilikuwa za baridi.
Haigh alinitangulia. Ameshasoma mita,
ameandika tarakimu ukutani kwa chaki,
nyeupe, kubwa, za mkono usiozoea kalamu,
juu ya masizi.